Mtoto mchanga au anayetembea: yupi umpeleke bustani ipi ya burudani?

"Twende bustani gani?" Hilo ndilo swali la kwanza la karibu kila mzazi anayepanga safari ya bembea, na kwa mwenye mtoto wa chini ya miaka 3 ni swali lililoruka zamu. Kwanza tuambie mtoto ana miezi mingapi. Nimeingia kwenye bustani ya burudani na mtoto wa miezi 5 kifuani. Mwaka mmoja na kidogo baadaye nikarudi naye akiwa na miezi 18, na kama si sura yake ningesema nimeazimwa mtoto wa watu. Safari ya kwanza nilirudi nimechoka miguu, ya pili nikarudi nimechoka roho.

Kwa hiyo nitalinganisha watoto kwanza, halafu bustani, kisha kigari na mbeleko, na mwisho saa. Nikisema bembea humu nakusudia kila chombo cha kupanda, kuanzia farasi wa kuzunguka hadi treni inayopanda kilima na kuporomoka.

Miezi 5 na miezi 18

Mtoto ambaye hajaanza kutambaa ni mzigo, lakini mzigo mtulivu. Hajui kwamba kuna bembea aliyonyimwa. Foleni ya dakika 40 kwake ni kama kukaa sebuleni, maana kifua ni kilekile na sauti ni ileile anayoijua. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataja saa 12 hadi 16 za usingizi kwa siku kwa mtoto wa miezi 4 hadi 11, ukijumlisha na ule wa mchana. Usingizi wenyewe huja vipande vipande, na vingi vya mchana anaweza kuvilala kwenye mbeleko huku wewe unakula, unaangalia maandamano ya wacheza ngoma, au umeketi tu kivulini.

Mchukue sasa wa miezi 18. Amejifunza kutembea na anaona kila hatua unayombeba ni haki yake inayoporwa. Anataka kwenda, na anataka kwenda kule mlikotoka. Foleni ni kifungo kwake, kwa sababu neno "subiri" bado halijaingia kichwani. Usingizi wa mchana umebaki mmoja tu, mrefu, saa 6 au saa 7, na akiukosa jioni yenu imekwisha. Halafu anaona. Anaiona ile treni kubwa inayopita juu kwa kelele, ananyoosha kidole, anataka. Wahenga walisema mwana akililia wembe mpe, ila wahenga hawakuwahi kukutana na mhudumu aliyeshika fimbo ya kupimia kimo.

Ukiishia hapo utasema basi mchanga ndiye mwepesi, tumpeleke huyo tu. Lakini tukubaliane jambo moja ambalo wazazi wengi hukwepa kulisema: wa miezi 5 hapati chochote cha bustani. Anapata mwanga, rangi na uso wa mama yake, na hivyo vyote viko nyumbani. Ukimpeleka, unajipeleka wewe, au unampeleka kaka yake mkubwa. Hakuna ubaya wowote. Ubaya ni kujidanganya, kisha kukasirika kwamba hakutabasamu kwenye picha. Wa miezi 18 atakutesa, lakini kuna dakika 10 katika siku hiyo ambazo atasimama mbele ya bata wa plastiki anayetema maji, acheke hadi aanguke, na wewe utazikumbuka.

Nimeweka hatua nne kwenye jedwali, maana "mtoto mdogo" ni neno linaloficha mengi.

| | Hajatambaa (miezi 3–7) | Anasimama dede (8–14) | Anatembea, hajui kusubiri (15–26) | Anakaribia miaka 3 |
|---|---|---|---|---|
| Foleni | Haimhusu | Sawa akiwa amebebwa na ameshiba | Dakika 10, zaidi ya hapo ni vita | Dakika 20, akiwa na hadithi na kitu cha kutafuna |
| Usingizi | Popote | Mara 2, anahitaji utulivu | Mara 1, usiuguse | Mara 1 au hakuna |
| Hatari kuu | Jua, joto, maambukizi | Kuokota vitu na kuvitia mdomoni | Kupotea | Kupotea, na kuogopa giza la ndani ya bembea |
| Anachofurahia | Wewe | Maji, mabata, ngoma | Kutembea mwenyewe, kugusa | Bembea zenyewe, na wahusika wenye vinyago |

Safu ya pili ndiyo inayowapotosha watu. Mtoto wa miezi 10 bado anabebeka, kwa hiyo wazazi wanamhesabu pamoja na wachanga, kisha wanagundua kwamba hana mahali pa kutambaa. Sakafu yote ni ya viatu vya maelfu ya watu. Ukienda naye, beba mkeka au shuka nzito, na kabla ya safari tafuta kwenye ramani ya bustani sehemu yenye nyasi au chumba cha watoto wadogo. Siku nzima bila kushuka chini itamfanya asilale usiku.

Wanapanda nini?

Hapa kuna jambo lililonishangaza nilipokaa chini na orodha za vimo ambavyo mtoto lazima avifikie ndipo aruhusiwe kupanda. Kwenye Magic Kingdom, bustani ya Disney iliyoko Florida, Marekani, treni ndogo kabisa ya kuporomoka, Barnstormer, inataka mtoto awe na sentimita 89. Treni ya migodi, Seven Dwarfs Mine Train, ni sentimita 97, na Space Mountain ni 112. Linganisha na viwango vya ukuaji vya WHO: mtoto wa kimo cha wastani wa mwaka mmoja ana sentimita 75 hivi, wa miaka 2 ana 86 hadi 88, na wa miaka 3 ana 95 au 96. Maana yake mtoto wa kawaida anaifikia ile treni ndogo muda fulani baada ya kutimiza miaka 2, na hizo nyingine baada ya 3.

Basi wa miezi 5 na wa miezi 18 wanapanda karibu vitu vilevile: mashua za polepole, farasi wa kuzunguka, treni ya kuzungukia bustani, maonyesho ya kukaa. Ile safari ya mashua iitwayo "it's a small world", iliyoonyeshwa kwanza kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York mwaka 1964 na kuhamishiwa Disneyland ya California mwaka 1966, haina kikomo cha kimo, na ndivyo zilivyo bembea nyingi za aina yake. Tofauti ni mwenendo ndani ya mashua. Mchanga analala au anakodoa macho. Mwenye miezi 18 anataka kutia mkono majini, na wewe unamaliza safari nzima umeshika ukosi wa shati lake.

Angalizo dogo: bembea nyingine hazina kikomo cha kimo lakini zinataka mtoto aweze kukaa mwenyewe bila kushikiliwa. Hilo linamtoa wa miezi 5. Nyingine zinataka mtoto atolewe kwenye mbeleko kabla ya kupanda. Masharti yako kwenye ubao wa mlangoni, na ni heri uyasome kabla hujasimama kwenye foleni kuliko kuyasikia ukiwa umeifikia mashua.

Bustani kubwa na bustani ndogo

Watu wengi hufanya hivi: mtoto akiwa mchanga wanampeleka bustani ndogo, "tujaribu kwanza". Akishaanza kutembea wanasema sasa anaelewa, na wanakata tiketi za bustani kubwa kuliko zote. Mimi nimefikia uamuzi ulio kinyume kabisa. Mchanga ndiye wa bustani kubwa. Anayetembea ndiye wa ndogo.

Fikiria unachohitaji ukiwa na mchanga: mahali pa kunyonyesha kwa utulivu, meza safi ya kubadilishia nepi, maji ya moto, kivuli, na chumba chenye ubaridi jua likiwa la utosi. Bustani kubwa zinavyo. Kila moja ya bustani nne za Walt Disney World huko Florida ina kituo cha kulelea watoto wadogo, chenye vyumba vya kunyonyeshea, meza za nepi na viti virefu vya kulishia. Cha Magic Kingdom kiko mwisho wa barabara kuu ya kuingilia, jirani na mkahawa wa Crystal Palace. Usikitafute mtoto akiwa ameshaanza kulia. Pita hapo asubuhi ukione. Bustani ndogo mara nyingi ina ubao mmoja wa kubadilishia nepi ndani ya choo cha wanawake, na baba aliye peke yake na mtoto hana pa kwenda.

Na kero za bustani kubwa? Magic Kingdom, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina desturi yake ya kuchosha: unaegesha gari mbali, kisha unavuka kwa kivuko au kwa treni ya reli moja hadi getini. Kutoka mlango wa gari hadi bembea ya kwanza, mimi huhesabu saa nzima. Mchanga anaimaliza saa hiyo usingizini. Anayetembea anaimaliza akiwa amekwisha hamu ya siku. Ukilazimika, panda kivuko, kwa sababu kigari hakikunjwi na kuna nafasi ya kusimama ukiangalia maji, na kwa mtoto wa miezi 18 meli ni bembea tosha.

Sasa tazama bustani ndogo kwa macho ya anayetembea. Efteling, huko Kaatsheuvel, Uholanzi, leo si ndogo tena, ila moyo wake ni msitu wa hadithi uliofunguliwa mwaka 1952, na msitu huo hauna foleni. Ni njia za miguu kati ya miti. Kila kona kuna kijumba, mdoli anayeimba, au pipa la taka lenye umbo la mtu mnene linaloomba karatasi kwa sauti na kuvuta upepo likizimeza. Nimewahi kuona mtoto akikusanya karatasi za watu wengine ili tu alilishe hilo pipa. Huyo alikuwa ameshapata thamani ya safari nzima, na pipa halina kikomo cha kimo.

Tivoli ya Copenhagen, Denmark, iliyofunguliwa mwaka 1843, ina faida nyingine: iko katikati ya mji, mkabala na stesheni kuu ya treni. Mtoto akichafuka hasira, mko nje baada ya dakika 5. Legoland ya Billund, nchini humohumo, iliyofunguliwa mwaka 1968, ina sehemu ya DUPLO (yale matofali makubwa ya kuchezea ya Lego) iliyotengenezwa kwa ajili ya wale wadogo kabisa. Kinachoziunganisha bustani hizi ni kwamba mtoto anaweza kushushwa chini akatembea, na mkiondoka mapema hamjisikii mmetupa mali.

Hilo la mali lina uzito wake. Ukiwa umelipia tiketi ghali ya siku moja, utamburuza mtoto aliyechoka hadi jioni "tumalizie kidogo". Niliwahi kufanya hivyo. Tulimalizia kwenye benchi, mtoto amelala chali sakafuni analia kwa kwikwi, na mimi nikitafuta pa kuuficha uso.

Ila kuna dirisha moja ambalo bustani kubwa inafaa kwa anayetembea: miezi 30 hadi 35. Anaelewa "baada ya hawa watu ni sisi". Anawatambua wahusika anaowaona kwenye televisheni. Na bado anaingia bure, maana bustani za Disney za Marekani na ya Paris hazitozi mtoto ambaye hajatimiza miaka 3. Ya Tokyo, pamoja na Efteling na Europa-Park ya Ujerumani, husogeza mpaka huo hadi miaka 4. Kwa hiyo kama safari inaweza kusubiri, isubiri hadi hapo. Ukinilazimisha nitaje umri mmoja tu, huo ndio wangu.

Kigari au mbeleko

Kwa mchanga, mbeleko inashinda foleni na kigari kinashinda jua. Kwenye foleni vigari huachwa nje, mahali palipotengwa, na mwenye mbeleko anaingia na mtoto bila kumwamsha. Lakini siku ya joto, miili miwili iliyobanana hupashana moto. Mguse mtoto shingoni kila baada ya muda. Ikiwa imelowa jasho na inawaka, mtoe, mvue nguo moja, kaeni ndani. Uso wake uwe unaonekana muda wote, na kidevu kisigandamane na kifua, kwa sababu mtoto aliyejikunja hivyo anaweza kukosa pumzi bila kutoa sauti.

Kosa ninaloliona kila ninapoingia bustani yoyote ni kufunika kigari kwa shuka ili mtoto asipigwe na jua. Shuka inazuia upepo, na joto la ndani linapanda haraka kuliko mtu anavyodhani. Tumia paa la kigari lenyewe, au mwavuli wa kubana unaoacha hewa ipite. Mafuta ya kuzuia jua kwa kawaida hushauriwa kuanzia miezi 6. Chini ya hapo kinga ni kivuli, kofia na nguo nyepesi zenye mikono mirefu.

Kwa anayetembea, chukua kigari hata kama nyumbani mlishakiacha. Hata kama anakikataa. Si chake peke yake: ni kabati la nepi, ni kitanda cha saa 7 mchana, ni mahali pa kumfunga mkanda mnapopita kwenye umati. Angalia tu vipimo kabla ya kusafiri. Bustani za Disney za Marekani, tangu Mei 2019, haziruhusu kigari chenye upana unaozidi sentimita 79 au urefu unaozidi 132, na yale matoroli ya kuvuta kwa mkono yamepigwa marufuku kabisa. Vigari vya mapacha vinavyokaa ubavu kwa ubavu ndivyo vya kupimwa kwa makini.

Funga kitambaa chenye rangi kali kwenye mshikio. Wahudumu huvisogeza vigari ili kuvipanga, na utatoka kwenye bembea ukute chako hakipo ulipokiacha, kiko katikati ya vingine 60 vyeusi vinavyofanana. Usiache pochi wala dawa ndani.

Jambo moja la mwisho kuhusu kigari, na hili linawahusu wa umri wote wa chini ya miaka 5: mwongozo uleule wa WHO unashauri mtoto asifungwe kwenye kigari au kiti zaidi ya saa moja mfululizo akiwa macho. Bustanini ni rahisi kusahau, maana yeye haonekani kulalamika. Mshushe.

Maziwa na maji

Hapa mama anayenyonyesha amewaacha wengine mbali. Hana cha kupasha, hana cha kuosha, hana saa ya kuhesabu. Mwenye maziwa ya kopo abebe unga uliopimwa kwenye vijichupa vikavu, na maji salama pembeni, akoroge wakati wa kulisha. Yakishakorogwa yatumike ndani ya saa 2, na mtoto akishaanza kunywa, yanayobaki baada ya saa 1 ni ya kumwaga. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa yanavumilia saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25. Bustani yenye jua inavuka hapo kirahisi, kwa hiyo yatiwe kwenye mfuko wa kuhifadhi ubaridi pamoja na barafu. Mtoto wa chini ya miezi 6 asipewe maji hata kama siku ni ya moto. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi.

Kwa anayetembea, kinachoharibu siku ni njaa inayokuja foleni ya chakula ikiwa ndefu. Walisheni saa 5, kabla ya watu wazima wengine kukumbuka kula.

Maambukizi

Sitarefusha, ila hili lilinifanya niahirishe safari moja. Desemba 2014 ugonjwa wa surua ulianzia kwa watu waliotembelea Disneyland ya California na ukafikia zaidi ya watu 100, wakiwemo watoto wachanga waliokuwa hawajafikia umri wa chanjo. Chanjo ya surua hutolewa miezi 9 katika nchi nyingi na miezi 12 katika nyingine. Kwa hiyo yule wa miezi 5 ninayemsifu kwa utulivu ndiye asiye na kinga ya kutosha, na hapo mwenye miezi 18 aliyekamilisha chanjo anamshinda. Ongea na daktari kabla ya kununua tiketi, hasa ukisikia kuna mlipuko mnakokwenda, kwa sababu kwa msafiri dozi ya mapema inaweza kutolewa kuanzia miezi 6. Chini ya miezi 3 mimi simpeleki mtoto kwenye umati wa aina hiyo hata kidogo.

Kupokezana zamu

Wazazi wawili, mtoto mmoja, bembea kubwa moja. Bustani nyingi zina utaratibu wa kupokezana: mmoja anapanda huku mwingine anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila huyu wa pili kuanza foleni upya. Disney huuita Rider Switch, bustani za Universal huuita Child Swap na wana vyumba vya kusubiria ndani kabisa, karibu na bembea. Efteling na Europa-Park husema Baby Switch. Majina yanatofautiana na taratibu pia, kwa hiyo muulize mhudumu wa mlangoni kabla hamjaingia kwenye foleni.

Kwa mwenye mchanga utaratibu huu ni zawadi. Kwa mwenye anayetembea una mtego. Mtoto anamwona baba akiingia kwenye ile treni aliyonyimwa yeye, na baba hatoki kwa dakika 20. Anayebaki aondoke naye kabisa hapo mlangoni, waende kwenye chemchemi ya maji, au wakanunue kitu cha kulamba. Tulipokuwa tunasubiri mlangoni tulilipa kwa kilio. Tulipoondoka, hakumkumbuka baba mpaka aliporudi.

Mzazi aliye peke yake na mtoto hana zamu ya kupokezana, na sidhani bustani kubwa inamfaa mpaka mtoto afikie kimo cha kupanda naye. Ndogo, ndiyo, na asubuhi tu.

Siku nzima au nusu mbili

Na mchanga unaweza kukaa siku nzima, mradi kati ya saa 6 na saa 9 mko ndani ya jengo au kivulini. Na anayetembea, usijaribu. Fika geti linapofunguliwa. Saa mbili za mwanzo foleni ni fupi na mtoto ana nguvu, na humo ndimo fanyeni yote mliyokuja kuyafanya, kuanzia lile moja analolipenda yeye. Saa 6 tokeni. Kama mmelala karibu, rudini mkalale kitandani, kisha mrudi saa 10 jua likipoa. Kama hamjalala karibu, siku imekwisha, na siku ya saa 4 iliyokwenda vizuri haina deni.

Wengi hubishana nami hapa kwa sababu ya fataki. Zinarushwa usiku, ndizo picha za matangazo, na wamekuja kwa ajili yake. Basi nilinganishe na hilo. Mchanga aliyelala anaweza kuzikosa zote bila kujua, akiwa amevishwa vizuia kelele vya kufunika masikio, vile vya watoto, si pamba. Anayetembea ama ataogopa mlio wa kwanza, ama atakuwa amelala na kuamshwa nao, na kwa vyovyote mtatoka pamoja na umati wote ukimiminika kwenye geti moja gizani, kigari mbele, mtoto begani. Sisi mara ya pili tulitoka nusu saa kabla. Tulikuwa tumeshamfunga kwenye kiti cha gari, mlango wa nyuma bado wazi, fataki zilipoanza juu ya miti ya maegesho. Kwa mbali hazikuwa na kelele. Alizitazama tatu au nne, akaomba biskuti.